Waliosimama Bwaloni

Nikisikia harufu ya mabingobingo yaliyokatwa sasa hivi, nakasirika. Wenzangu wanasema harufu ya majani mabichi inawatuliza, inawakumbusha nyumbani. Mimi inanipandisha hasira kutoka tumboni mpaka masikioni. Jumamosi iliyopita ilinikuta nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa dada yangu Ndeshi, kule mlimani juu ya kijiji cha Maji ya Chai, katikati ya migomba tuliyokulia. Alikuwa ametoka kuwakatia ng'ombe wake majani, mikono yake yote inanuka. Nikaona leo niandike tu. Nawaandikia ninyi wa rika langu, hasa mnaotumiana vipande vya tamthilia za zamani na kuweka chini yake kwamba utoto wetu ulikuwa mtamu.

Mabingobingo yalikuwa tiketi. Upande wetu wa mlima TV ilikuwa moja, ya Mama Anaeli. Mwanawe aliendesha watalii, akamletea mama yake TV pamoja na betri ya gari ya kuiwashia, kwa sababu umeme ulikuwa haujapanda kwetu. Ilikaa ndani ya kabati lenye kufuli, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama bibi harusi. Mtoto akitaka kuangalia, anakuja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Mama Anaeli anasimama mlangoni, anachomoa bua moja kutoka katikati ya mzigo wako, analivunja. Likivunjika kikavu, wewe umeleta majani ya jana, utaangalia kwa dirishani pamoja na mbu. Likitoa maji, unavua viatu na kuingia.

Mimi niliingia kila Jumamosi kwa sababu Ndeshi ndiye aliyekata. Alikuwa kidato cha pili, mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Alikata kwa panga, mimi nafunga kwa kamba ya mgomba, na rafiki yake Aikande, jirani yetu na mwenzake wa dawati moja, anakaa juu ya jiwe anatusimulia yaliyopita kwenye tamthilia wiki iliyotangulia, kana kwamba sisi hatukuwepo. Aikande alikuwa hodari wa kuigiza. Alikuwa anaweza kulia machozi ya kweli huku anatafuna muwa.

Tamthilia yenyewe iliitwa Kengele ya Pili. Wasichana wa shule ya bweni, masweta mekundu, nyasi zilizokatwa sawasawa kama zimechanwa na kitana. Kiongozi wao alikuwa Tumaini. Sijui niwaambieje watoto wa leo Tumaini alikuwa nani kwetu. Alikuwa mweusi kama sisi, nywele fupi kama zetu, na hakuwahi kuongea huku anatazama chini. Sisi tulilelewa kuongea tukitazama chini. Mtu mzima anakuuliza jambo, wewe unajibu huku unachora udongo kwa kidole gumba cha mguu. Tumaini alimtazama mwalimu mkuu usoni, na mbingu haikuanguka.

Kuna sehemu moja mnaikumbuka wote, msijifanye. Chakula cha jioni bwaloni, wasichana wamekaa kwenye mabenchi. Mwalimu mkuu anatangaza kwamba fulani amefukuzwa kwa kosa ambalo kila mtu ndani ya bwalo anajua si lake. Tumaini anaweka kijiko chini, anainuka, anasema, "Nimesimama. Nani anasimama na mimi?" Kimya cha kukata pumzi, chenga zinapita kwenye kioo, Mama Anaeli mwenyewe ameacha kufuma. Kisha msichana mmoja nyuma anainuka. Mwingine. Benchi zima. Mpaka bwalo lote limesimama na mwalimu mkuu amebaki na karatasi yake mkononi.

Na sisi tulisimama. Watoto wote mle sebuleni, kwenye mkeka, miguu ina matope ya shambani. Wa kwanza kuinuka alikuwa Aikande. Mama Anaeli akatukemea tukae, tunamzibia, akaulizwa na mtoto wa dirishani kama na yeye hasimami, akasema yeye ana magoti ya kanisani tu. Tulicheka. Toka siku ile ukawa mchezo wetu. Shuleni, kisimani, kwenye kahawa tukichuma, mtu anasema nimesimama, na wote mnanyanyuka. Hakuna aliyewahi kubaki amekaa.

Sasa nieleweni akili yangu ilivyokuwa. Mimi sikudhani ule ni uigizaji. Nilidhani ni kanuni. Kanisani kwetu mchungaji akiinua mikono, usharika wote unasimama bila kuulizana, wazee kwa watoto. Nikaunganisha mambo mawili hayo kichwani. Nikaamini kwamba mtu akisimama kwa ajili ya ukweli, walio nyuma yake wanainuka wenyewe, kama maziwa yanavyoinuka kwenye sufuria. Huhitaji kuyasukuma.

Mwaka uliofuata Ndeshi akaondolewa shule. Walimpima, wakamkuta, akarudi nyumbani na begi lake saa nne asubuhi, mama yuko shambani anapalilia. Sitaeleza mengi. Aliyempa mimba alikuwa mtu mzima, ana duka la dawa za mifugo barabarani, na Jumapili anaimba besi kwenye kwaya. Simtaji jina. Ana watoto, na wao hawakumtuma. Lakini juu kule hapakuwa na asiyejua. Walijua kwa namna ya kwetu ya kujua, yaani kila mmoja anajua na hakuna aliyesema.

Ninyi mliolelewa Kilutheri mnajua kinachofuata. Msichana akizaa bila ndoa anakaa benchi la nyuma kabisa, hashiriki meza ya Bwana, mtoto wake habatizwi. Miezi inapita. Halafu siku moja anaitwa mbele ya usharika, anaulizwa kama ametubu, anajibu ndiyo, na hapo anakuwa amerudi kundini. Nilishaona wengi wakirudi kundini. Sikuwahi kuona mwanamume. Nilipokuwa mdogo nilifikiri wanaume hawapotei.

Kwa Ndeshi kurudi kundini kulikuwa shule. Baba hakuwa mkatili, alikuwa mtu wa maneno machache na kahawa nyingi. Alimwambia hivi, mimi nikiwa pale napepea moto: "Ukienda mbele ukajibu vizuri, mtoto akabatizwa, Januari nakupeleka shule nyingine. Mama yako atabaki na mtoto." Akaanza kutimiza ahadi hata kabla Ndeshi hajaenda mbele, maana sketi ya shule hiyo mpya ilishashonwa. Ya kijani, marinda makali. Ilining'inia kwenye msumari chumbani kwetu, na usiku Ndeshi akinyonyesha alikuwa anaitazama.

Wiki ya mwisho kabla ya Ndeshi kuitwa mbele tulikwenda kukata majani sisi watatu kama zamani, mtoto mgongoni kwa Ndeshi. Hapo ndipo nilipowasikia. Ndeshi alisema hawezi kwenda mbele akajibu ndiyo tu, kana kwamba alijipa mimba mwenyewe. Alisema atakubali la kwake, halafu atamwomba na mwenzake atoke kwaya aje asimame pembeni yake, waulizwe wote wawili. Aikande aliruka kutoka juu ya jiwe lake. Macho yake yalikuwa yanawaka. Akamshika Ndeshi mabega yote mawili.

"Wewe sema tu," akasema. "Mimi nitakuwa wa kwanza. Nikisimama mimi, wasichana wa kwaya wote watasimama. Si unawajua?"

Ndeshi akacheka, nilikuwa sijasikia kicheko chake siku nyingi. Mimi nilifunga mzigo ule kwa furaha mpaka kamba ikakatika.

Jumapili yenyewe kanisa lilijaa. Mambo kama hayo yanajaza kanisa kuliko Krismasi. Mimi nilikaa na mama katikati, Aikande yuko kwaya kwenye sauti ya kwanza, blauzi nyeupe, na nyuma yao wanaume wa besi. Baada ya matangazo mchungaji akamwita Ndeshi. Akatoka benchi la nyuma, mtoto mgongoni, akapita katikati yetu. Mchungaji alikuwa mzee mpole, alifanya alivyofundishwa. Akamuuliza kama anatubu kosa alilotenda mbele za Mungu na usharika huu.

Ndeshi hakutazama chini.

"La kwangu nalikubali," akasema. Sauti ilianza ndogo, ikakua. "Lakini sikulitenda peke yangu. Mwenzangu yuko hapa ndani, naomba na yeye aje mbele. Mimi nimesimama. Nani anasimama na mimi?"

Mnajua kimya cha kanisa lenye mabati, jua likiwa kali? Mabati yanalia, tik, tik. Mimi nilimtazama Aikande. Nilimtazama kwa raha, nikisubiri, kama unavyosubiri mtu akupe zawadi unayoijua. Aikande alifungua kitabu cha nyimbo. Alikuwa anatafuta ukurasa. Nikawatazama wenzetu wa kwa Mama Anaeli mmoja mmoja, wa mkekani na wa dirishani. Kila uso ulikuwa umepata kitu cha kuangalia, kiatu, dari, mtoto wa jirani. Mimi nikapanda juu ya benchi. Mama akanishika gauni, akalivuta kwa nguvu.

"Kaa."

Hapo mzee mmoja wa kanisa akamnong'oneza mchungaji. Mchungaji akainua mikono, akasema tusimame tuimbe.

Na kanisa zima likasimama.

Sikilizeni. Mimi sikusikia neno tuimbe. Niliona tu. Niliona benchi baada ya benchi wanainuka, wazee, akina mama wenye watoto, Mama Anaeli na magoti yake, kwaya yote, Aikande. Nikapiga makofi. Nikamwita dada yangu kwa sauti, wamesimama, dada, wamesimama wote. Nilikuwa nacheka. Nilimwona Ndeshi anageuka, na kwa muda mfupi sana uso wake ulifunguka kama mlango. Halafu kwaya ikaingia. Ikaanza sauti ya kwanza, ikafuata ya pili, na chini kabisa, nzito, imetulia, nikaisikia besi. Anaimba. Alikuwa na sauti nzuri, Mungu anisamehe.

Ndeshi alitembea kutoka mbele mpaka mlangoni katikati ya watu waliosimama. Walimpisha.

Hakurudi kundini mwaka ule. Baba aliitoa sketi kwenye msumari, akaikunja mwenyewe kwa mikono yake ya shambani, akaiweka sandukuni. Alisema neno moja tu jioni ile, kwamba TV imemmaliza mtoto wake. Na mtaa mzima ukashika wimbo huo. Si mwenye besi aliyemharibu Ndeshi, ni TV. Si kanisa lililokaa, ni TV iliyomfundisha kusimama. Mama Anaeli akafunga kabati, akatangaza kwamba majani ya ng'ombe atakata mwenyewe.

Mtoto wa Ndeshi alikuja kubatizwa baadaye, akishikwa na bibi yangu. Jina alilichagua Ndeshi. Tumaini.

Na ile sketi? Niliivaa mimi. Mama aliipunguza kiunoni, nikaimalizia kidato cha nne. Marinda yalikuwa hayajalegea, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuikalia.

Miaka yote hiyo niliitetea TV. Ndiyo. Nilibishana na mama, na shangazi, na mume wangu. Nilisema Tumaini wa kwenye tamthilia hakukosea, aliyesema uongo ni Aikande na kanisa lote. Nilihitaji pawe na mahali fulani duniani ambapo bwalo lilisimama kweli. Nilipopata simu ya kwanza ya kioo, kitu cha kwanza kukitafuta kilikuwa yule msichana aliyemwigiza Tumaini. Nikakosa. Nikasubiri. Kisha mwaka huu akaja mwenyewe bila kuitwa, simu siku hizi zinajua unachotaka kabla hujafungua mdomo. Ameumuka, amepaka, ngozi imekuwa rangi ya ndizi mbivu. Anauza mafuta ya kung'arisha. Tumaini wetu, mweusi kama sisi, anatuambia tung'ae.

Nikasema labda maisha yamembana. Nikamsamehe. Ikaja video nyingine, anahojiwa na vijana wawili wanaocheka kila neno. Wakamuuliza lile la bwaloni. Akacheka mpaka akashika kifua. Alisema hakuelewa hata alichokuwa anasema, alipewa maneno asubuhi ile. Wale wasichana wa nyuma, akasema, walikusanywa mtaani, wakaahidiwa soda, na kulikuwa na kaka mmoja nyuma ya kamera anawanyooshea kidole: wewe sasa, haya wewe, haya benchi lote.

Soda.

Nilizima simu nikakaa nayo mapajani. Binti yangu Lilian alikuwa amelala. Nilijisikia vile vile kama siku ile juu ya benchi, mkono wa mama kwenye gauni.

Halafu ninyi. Kuna grupu letu kwenye simu, wote tulioangalia kwa Mama Anaeli, aliyeliunda ni Aikande. Anaishi mjini sasa, Njiro, geti jeusi, maua ukutani. Wiki mbili hazijapita akatuma kipande cha bwaloni. Akaandika: utoto wetu jamani, nani anakumbuka tulivyokuwa tunasimama wote? Ikawa mvua ya mioyo. Mioyo myekundu, mikono ya makofi. Mtu akasema enzi zile kulikuwa na upendo. Mwingine akasema watoto wa siku hizi simu zimewaharibu, hawana ujasiri wetu. Ujasiri wetu. Mnabonyeza moyo mmeegemea makochi.

Nikaandika. "Dada Aikande, ile Jumapili Ndeshi aliposimama kanisani, ulikuwa kwaya. Ulimwahidi. Mbona hukusimama?"

Alama zikaonyesha amesoma. Wamesoma wote. Baadaye akajibu, "Mdogo wangu, tulikuwa watoto. Humu ni mahali pa kufurahi." Nikamjibu kwamba Ndeshi naye alikuwa mtoto, tena ana mtoto mgongoni. Baada ya muda mtu akatuma picha ya kikombe cha chai na maua, imeandikwa muwe na wiki njema. Wote wakaitikia amina.

Basi Jumamosi nikapanda kwa Ndeshi na Lilian wangu. Sikwenda kumwambia ya grupu, yeye ana simu ya tochi na haimsumbui. Anafuga, anapeleka ndizi na maziwa sokoni Tengeru, ana nyumba yake ya tofali. Alikuwa anamenya ndizi za mchana, utomvu umemkaa vidoleni juu ya ile harufu ya majani. Binti yake Tumaini akaingia, yuko kidato cha tatu sasa, darasa lile lile mama yake alipoishia. Huyu mtoto anamjua baba yake kwa sura. Wakikutana barabarani anamwamkia shikamoo, anajibiwa marahaba, kila mtu anaendelea na njia yake.

Akachukua simu yangu akasema, "Mama mdogo, ngoja nikuonyeshe nilivyochekesha watu."

Alikuwa amejirekodi kwa simu ya mwenzake. Amevaa sweta jekundu, anafungua na kufunga mdomo juu ya sauti ile ile, nimesimama, nani anasimama na mimi, na chini ameandika kwamba ndivyo anavyoomba nauli kwa mjomba. Mwisho wanaingiza kicheko cha mashine. Ni mtindo, akaniambia, kila mtu anafanya. Hakujua. Hakuwahi kuambiwa jina lake lilitoka wapi, na mimi nilimwangalia Ndeshi nikasubiri apasuke.

Ndeshi alifuta mikono kwenye khanga. Akaomba simu. Akamwambia mwanawe amwekee ile ya kweli, ile ya zamani. Akaitazama, uso karibu na kioo, macho yake siku hizi si mazuri. Ilipoisha akaomba irudiwe.

"Hawa wa nyuma waangalieni," akasema taratibu. "Kila mmoja anatazama pembeni kwanza, ndiyo anainuka. Wanaambiwa."

"Mama ulikuwa unaipenda hii?" Tumaini akauliza.

"Nilikuwa naipenda sana."

Akamrudishia simu, akachukua kisu chake na ndizi nyingine. Mimi nilitaka kupiga kelele, kwa nani sijui, kwa Aikande, kwa yule wa mafuta, kwa simu.

Lilian alikuwa amesogea akaangalia naye, begani kwa Tumaini, na sisi hatukumwona. Ana miaka mitano. Alikwenda mpaka katikati ya jiko, kati ya mafiga na maganda ya ndizi, akasimama wima, mikono ubavuni. Akasema maneno yale kwa sauti yake nyembamba, bila kukosea. Halafu akasubiri. Alitutazama mmoja baada ya mwingine kwa raha, ule uso naujua, nilikuwa nao juu ya benchi.

"Mama," akasema, "mbona hamsimami?"

Neno kaa lilinifika mdomoni. Lilifika kwa sauti ya mama yangu. Nililimeza, nikasimama. Tumaini akanitazama, akadhani ni mchezo, akasimama na yeye huku anacheka.

Dada yangu hakuinuka. Aliendelea kumenya, kichwa chini, ganda linashuka refu bila kukatika. Lilian akamnyooshea kidole, na mama mkubwa je, na mimi nikamshika kile kidole nikakishusha.

Nikamwambia mama mkubwa mwache akae. Yeye alishasimama.